Chama cha Wasiohitaji Mtu

Jumapili, 2 Machi

Nimehama. Hatimaye! Naandika haya nikiwa nimekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, katika chumba changu mwenyewe, chini ya balbu yangu mwenyewe, ambayo haiwaki. Mwanga wa dirishani unatosha.

Sababu ya kuhama ni Kitabu. Nimekimaliza juzi, kurasa zaidi ya elfu moja, nikisimama kwa ajili ya kula na kwenda kazini tu. Ni riwaya, lakini si ya mapenzi na machozi. Ni riwaya ya fikra. Shujaa wake ni Mwenye Daraja. Alijenga daraja juu ya mto mkubwa kwa akili yake na mikono yake, kisha watu wakataka kuvuka bure kwa kisingizio cha undugu. Wakamwambia ana moyo wa jiwe. Basi akalibomoa, nguzo baada ya nguzo, akasimama ng'ambo peke yake, akacheka. Kicheko hicho kimechukua ukurasa mzima. Nikikisoma nywele hunisimama.

Fundisho lake: kinachotolewa bure ni kamba ya shingo. Mtu huru hadaiwi fadhila, wala hadai.

Mimi nina miaka ishirini na miwili, na nimekula sahani ya dada yangu tangu wazazi wetu walipofariki. Sasa Dada ni mjamzito na nyumba ina vyumba viwili. Lakini sikuondoka kwa sababu ya vyumba. Niliondoka kwa falsafa. Nataka lieleweke hilo, endapo shajara hii itachapishwa siku moja.

Nilimtangazia Dada akiwa kwenye cherehani. Nilikuwa na hotuba. Nilipofika kwenye sehemu ya minyororo ya fadhila, aliniuliza kama nimechukua blanketi zito au lile jepesi.

Godoro nililibeba peke yangu. Likakwama kwenye mlango wa chumba changu kipya, mimi nikiwa upande wa ndani. Shemeji, ambaye ni dereva wa lori na mtu wa maneno machache, alitokea nje akalisukuma bila kuombwa. Likaingia. Mimi chini yake. Sikumshukuru. Akaniambia kupitia godoro kwamba mlango wao haufungwi kwa kufuli. Nikamjibu kwamba hiyo ni hatari kwa usalama.

Jumatatu, 3 Machi

Kazini. Nimeanza maisha mapya kwa kuacha salamu. Salamu ni huduma inayotolewa bure. Nilimpita Mama Dobi, mwenye duka letu la kufulia nguo, bila kumwamkia. Akaniuliza kama jino linauma. Nilipokana, alinipa karafuu hata hivyo.

Tuko wapiga pasi wawili. Mwenzangu tunamwita Mikunjo kwa sababu shati lake mwenyewe halijawahi kuonja pasi. Ni mtu mzima, mnene, anaimba kuanzia asubuhi mpaka tunafunga. Haimbi vizuri. Meza yake ndiyo ya dirishani, inayopata upepo. Yangu iko ukutani, jirani na birika la mvuke. Aliipata kwa sababu alitangulia kuajiriwa. Kitabu kinasema nafasi ni ya mwenye uwezo, si ya aliyetangulia. Nimekuwa nikimvizia.

Jumatatu ni siku ya mashuka ya nyumba ya wageni. Shuka kubwa hukunjwa na watu wawili. Mmoja anashika ncha hizi, mwingine ncha zile, mnasogeleana kama mnaotaka kusalimiana, mnaachana, mnasogeleana tena. Mikunjo alinyoosha mikono yake kama kawaida. Nikamwambia kuanzia leo kila mtu na mashuka yake. Aliniuliza kama amenikosea. Nikamwambia hapana, nimekuwa huru. Akasema hongera, akaenda kukunja na Mama Dobi.

Mimi nilikunja kwa kidevu, magoti na meno. La kwanza liliburuta sakafuni. La pili likaangukia kwenye beseni la wanga. La tatu lilinizunguka, nikagonga meza. Yote yakarudi kufuliwa. Mama Dobi alisema mwanangu, mdomo haukuumbwa kuwa mkono. Nikaona ni mtu wa mawazo ya zamani.

Jumatano, 5 Machi

Methali zetu zote zilitungwa na watu waliotaka kubebewa mizigo. "Kidole kimoja hakivunji chawa." Nimejaribu, juu ya dirisha, kwa kidole kimoja. Imewezekana! (Alikuwa sisimizi.) "Jifya moja haliinjiki chungu." Waliosema hivyo hawakuliona jiko langu la mafuta ya taa. Ingawa leo limezimika mara nne na ndani yake kuna kitu kinacholia kama paka.

Jioni Dada alikuja na sufuria imefungwa kwenye kitambaa. Nilimweleza mlangoni, kwa upole, kwamba siwezi kuipokea isipokuwa kwa mabadilishano ya haki kati ya watu wawili huru. Aliuliza maana yake nini. Nikasema nimfanyie kazi ya thamani hiyohiyo. Akasema kazi ipo: nile. Nikamwambia hiyo ni hila. Akaiinua sufuria yake na kuondoka.

Nilimwangalia kutoka dirishani. Kwenye kona alisimama, akaihamishia mkono mwingine, akashika kiuno, akaendelea. Mwenye Daraja asingemkimbilia. Sikumkimbilia. Nilibaki dirishani hata baada ya yeye kupotea, kuhakikisha kwamba sikumkimbilia.

Nikala mkate wa juzi.

Kwa Dada saa hizi huwa kuna kelele ya cherehani. Huku kuna bomba la jirani linalodondosha. Kitabu kinasema ukimya ni mali ya mtu mwenye nguvu. Basi mimi ni tajiri. Nilipokuwa nikiihesabu mali hiyo ndipo wazo likanijia: lazima wapo wengine kama mimi katika mji huu, vijana waliosoma, walioamka, kila mmoja ameketi juu ya ndoo yake. Tukikutana je? Si kwa sababu tunahitajiana. Kwa hiari tu!

Alhamisi, 6 Machi

Nimeanzisha chama. Nimepata idhini ya kutumia chumba cha nyuma cha maktaba kila Jumamosi alasiri. Msimamizi wake, Mama Maktaba, alitaka kunipa bure. Nilikataa katakata. Tukabishana. Mwishowe nilikubali kupiga pasi mapazia ya maktaba yote, kazi iliyonichukua mapumziko yangu ya mchana na ngozi ya kidole gumba.

Tangazo nimeliandika kwa mkono wangu, kwa ile kalamu nene ya kazini ya kuwekea alama kwenye nguo za wateja:

CHAMA CHA WASIOHITAJI MTU. KIKAO CHA KWANZA JUMAMOSI IJAYO. KILA MTU AJE NA KITI CHAKE. NJOO KAMA WEWE NI MMOJA WETU.

Mama Maktaba alisema nilibandike ndani, nyuma ya kioo, mvua isije ikaliharibu. Nikamshukuru kwa ushauri ambao sikuuomba, nikalibandika nje ukutani, pembeni ya lango. Kazi ya mtu huru hujitetea yenyewe.

Jumanne, 11 Machi

Mvua siku mbili mfululizo. Nimekumbuka leo, nikiwa na pasi mkononi, kwamba kalamu ile imetengenezwa ili itoke ikifuliwa.

Nilikimbia maktaba wakati wa chakula. Kumbe tangazo lipo, na sasa liko nyuma ya kioo! Mama Maktaba alinieleza kwa furaha kwamba mvua ilikuwa imekula maandishi ya katikati, naye akayarudishia kwa rangi yake mwenyewe, rangi ya mafuta, haitoki tena. Nilimkaripia. Nilimwambia msaada bila mkataba ni uvamizi. Alisema pole, mwanangu. Sikuweza hata kulisoma vizuri, maana mbele ya kioo walisimama watu. Wengi. Babu mmoja alivua kofia kabisa. Mwanamke mmoja alilisoma, akaenda, akarudi, akalisoma tena.

Kuna kiu ya falsafa katika mji huu, hata mimi sikuitarajia.

Nilirudi kazini nikitembea kama Mwenye Daraja. Mikunjo alikuwa anapiga pasi shati lake mwenyewe. Hakuwa anaimba. Sikumwuliza. Kuuliza ni kujiingiza.

Jumamosi, 15 Machi

Niandike kwa utaratibu, nikiwa nimejifunika blanketi. Kwa hasira. Na kwa baridi.

Nilifika mapema nikiwa na ndoo yangu ya kukalia na Kitabu. Nilitarajia vijana watano au sita, wenye macho makali. Waliingia watu wasiopungua thelathini. Wengi wao wazee. Wengine wameshikana mikono kuvuka kizingiti. Walikuja na viti, kweli, lakini kila mmoja alikuwa amembebea mwingine. Mama mmoja alileta chupa tatu za chai. Tena wakapokezana vikombe! Nilisimama nikaomba utulivu, nikauliza kama wote wamelisoma tangazo. Wakasema ndiyo. Nikauliza limesemaje. Wakajibu karibu kwa pamoja, kama watoto wa shule:

"Chama cha Wasio na Mtu."

Nikatoka nje kwenda kulitazama. Ni kweli. Mvua ilikuwa imefuta herufi sita, na Mama Maktaba, kwa huruma yake, akajaza pengo kwa alivyokisia. *Wasio na Mtu.* Kwa rangi ya mafuta.

Ningewafukuza. Lakini nilikuwa na hotuba, nami sikuwahi kuwa na wasikilizaji wengi namna ile. Nikawasimulia habari za Mwenye Daraja. Nilisimulia vizuri, najua. Nilipofika alipobomoa nguzo ya mwisho na kubaki peke yake ng'ambo, mama wa chai alijifuta macho kwa ncha ya mtandio. Yule babu aliyevua kofia, karani mstaafu wa posta, akasema maskini. Mwingine akauliza kama hakuwa na ndugu hata mmoja. Mwingine akasema atakuwa anaishi wapi sasa, tumtumie mtu. Niliwaambia anacheka! Mwishoni anacheka! Mstaafu akatikisa kichwa, akasema ndivyo inavyoanza. Hata yeye mke wake alipofariki alicheka wiki nzima.

Baada ya hapo sikuweza kuwarudisha. Walianza kusimama mmoja mmoja kujieleza. Na nani alisimama wa tatu, amevaa shati lililonyooka? Mikunjo. Alisema mama yake alifariki mwaka jana, na nyumba imenyamaza mno, ndiyo maana anaimba kazini, ili akifika nyumbani awe ameshachoka na asiusikie ukimya. Alisema anajua haimbi vizuri. Nilitazama dari. Ina doa la maji lenye umbo la kiatu.

Kisha uchaguzi. Nilijitokeza kuwa mwenyekiti. Wakamchagua Mstaafu. Mimi walinipigia makofi ya kusimama, wakanipa heshima ya Mwanachama wa Kwanza, kwa sababu, alisema mama wa chai, kijana anayefikia hatua ya kuanzisha chama kama hiki lazima awe mpweke kuliko wote.

Sijawahi kutukanwa vile.

Walipotawanyika alibaki mtu mmoja, dada wa rika langu anayeuza katika duka la miwani ng'ambo ya barabara. Alikigusa Kitabu.

"Nimekisoma," akasema.

"Chote?"

"Chote. Ile hotuba ya mwisho niliiruka."

Hotuba ya mwisho ndiyo roho ya Kitabu. Nikamsamehe, kwa sababu alikuwa msomaji wa kwanza niliyewahi kukutana naye. Alinieleza kwamba ni mtoto wa kwanza kwao, na tangu aanze kazi mshahara wake ulikuwa wa wadogo zake wa kiume, wanaume wenye ndevu, wanaokaa nyumbani kusubiri mwisho wa mwezi. Alipomaliza Kitabu aliwaambia hapana, mezani, mbele ya mama yake. Sasa anaishi peke yake. Wadogo zake hawampigii simu. Mama humtumia salamu kupitia watu.

Nilimwambia amefanya jambo kubwa. Nilitaka kumpa mkono.

"Sijutii," akasema. "Ilibidi niseme, na bila kitabu hiki nisingethubutu. Lakini hakikuniambia Jumapili nifanye nini."

Akaniuliza mimi kilinifundisha nini. Nikasema kukataa chakula. Alinichungulia usoni aone kama natania.

"Cha nani?"

"Cha dada yangu."

Nje mvua ilikuwa imeanza tena. Alifungua mwavuli, akausogeza upande wangu, akasema tunaelekea njia moja. Ulikuwa mwavuli mpana. Nikamweleza kwamba mwavuli wa mtu mwingine ni dari ya mtu mwingine. Akasubiri kidogo, labda nibadili nia. Kisha akaenda. Mimi nikaenda nyuma yake kwa umbali wa kujitegemea, nimejifunika ndoo.

Nimelowa mpaka mfupa.

Jumatano, 19 Machi

Homa. Tangu Jumapili. Sikuandika kwa sababu kalamu ilikuwa nzito.

Jumatatu niliwasikia wanachama mlangoni. Mstaafu alisoma salamu za wanachama kwa sauti ya posta, jina kwa jina, akikohoa katikati. Sikufungua. Walikaa kwenye ngazi kwa muda, wakisemezana polepole kama watu wa msibani, kisha wakaondoka. Nilipofungua nilikuta chupa ya chai. Sikuinywa. Ilipopoa niliinywa, maana ilikuwa imeshapoteza thamani.

Jana Dada aliingia. Mwenye nyumba alimpa funguo. Mikunjo ndiye aliyemfuata kwake kumwambia ninaumwa. Ndiye pia aliyepiga pasi fungu langu lote la nguo siku mbili hizi. Nalielewa lengo lake. Anawekeza. Siku moja atakuja kudai.

Dada alinikanda kwa maji ya uvuguvugu, akanilazimisha kunywa uji, na sikuwa na nguvu za kudai mabadilishano ya haki. Kisha akaketi juu ya ndoo, tumbo lake likiwa limejaa mapajani, akaanza kushona vifungo vya shati langu. Aliniuliza bila kuniangalia:

"Nani alikuambia unatujazia nyumba?"

Nikasema hakuna. Ni falsafa.

"Kitanda chako kipo palepale. Shemeji yako amekataa kisiguswe. Anasema mtoto atalala na sisi mpaka ajue kusoma." Akakata uzi kwa meno. "Na akijua kusoma, tutavificha vitabu."

Nilijigeuza ukutani. Nikamwambia Kitabu kinasema mtu mzima ni yule asiyemlemea mtu.

"Hicho kitabu kinakujua wewe?"

Nilijifanya nimelala. Aliendelea kushona. Mkono wake ulikuwa ukifanya kelele ndogo ile ninayoijua, ya sindano na kidole. Ukuta wa chumba hiki una unyevu mwingi. Nimeamka uso wote umelowa.

Alipoondoka aliniambia nirudi nyumbani Jumamosi, Shemeji atakuja na lori. Sikukubali wala sikukataa. Mwanafikra huchunguza kwanza.

Ijumaa, 21 Machi

Nimerudi kazini. Mikunjo amenipisha meza ya dirishani! Mpaka nipone vizuri, anasema. Vita vyangu vyote vya mwaka mzima, na adui ananipa ngome kwa mkono wake, akiimba. Nimekaa pale kwenye upepo nikiwa na hasira kiasi kwamba nilisahau kufurahia.

Deni hili halivumiliki. Nikapanga mkakati. Wakati wa chakula, yeye na Mama Dobi walipotoka, nililichukua fungu lake la mchana na kuanza kulipiga pasi kwa siri, nilipe nilichopigiwa, tuwe sawa, niwe huru tena. Nilikwenda vizuri kupita kiasi. Mwishoni mwa fungu kulikuwa na lile shati lake mwenyewe, alilokuwa amelifua kwa ajili ya kikao cha kesho. Nikataka liwe bora kuliko yote. Nikawa natafakari ukurasa wa kicheko, pasi ikiwa kifuani mwa shati.

Limeungua. Alama ya pasi, nzima, kama unyayo.

Mikunjo aliliinua, akalitazama kwenye mwanga. Nilisubiri anitukane, matusi yangekuwa malipo, tungetoka sare. Akasema si kitu, atavaa sweta juu yake. Kisha akaniuliza kama nimekula.

Kwa hiyo sasa nadaiwa fungu la nguo, meza ya dirishani, na shati. Huyu mtu ataniangamiza.

Jumamosi, 22 Machi

Siku ya ushindi. Niieleze.

Lori la Shemeji lilikuja asubuhi. Nilikuwa nimeshafungasha, nakiri, kwa ajili ya uchunguzi tu. Godoro nimelikunja, nguo kwenye mfuko. Alipiga honi mara moja, akasubiri, injini ikinguruma. Nilishuka nikamwambia nitarudi kwa sharti moja: tuandikiane mkataba, mimi kama mpangaji, yeye kama mwenye nyumba, bila neno shemeji ndani yake. Alilifikiria kwa uzito. Alisema yeye si mwenye nyumba, nyumba ni ya Dada, na Dada hana mpangaji, ana mdogo wake. Nikasema basi hakuna msingi wa makubaliano. Akasema sawa. Hakuzima injini wala hakuliondoa gari kwa muda. Halafu akaniomba nimsaidie kuangalia nyuma asimgonge mtu wakati anageuza. Nilimwangalizia. Aliponyoosha gari, alinipungia mkono, akaenda. Barabara ilibaki na moshi.

Alasiri nilikwenda maktaba. Si kuhudhuria. Nilitaka kuwaona wanavyosambaratika. Kundi lisilo na falsafa haliwezi kudumu wiki mbili. Kitabu kinalieleza hilo vizuri sana. Nilisimama nje, upande wa dirisha la nyuma, kati ya pipa la taka na baiskeli ya mtu.

Walikuwa wameongezeka. Mstaafu alikuwa anawafundisha kitu kwenye karatasi, wakicheka. Mikunjo alikuwa ndani ya sweta, kwenye joto lile, jasho likimtiririka, akigawa vikombe. Kulikuwa na kiti kimoja kitupu mstari wa mbele. Mtu alikuja kukaa, mama wa chai akamwonyesha pengine.

Dada wa miwani aliniona. Akatoka.

"Ingia," akasema. "Kile pale ni cha kwako."

Nilimwuliza kwa masharti gani. Akasema hakuna. Nikamwambia kisicho na masharti ndicho kinachofunga kuliko vyote, ukurasa fulani, yeye mwenyewe ameusoma. Akasema anaukumbuka. Alisema pia kwamba kesho, Jumapili, wachache wanakwenda kwake, yeye atapika, Mikunjo atakuja kuimba wapende wasipende, na ningeweza kuja. Aliniambia namba ya nyumba. Alisimama pale akiwa ameshika mlango kwa kisigino ili usifunge. Uso wake ulikuwa wa mtu anayesubiri simu ipokewe.

Nilikuwa tayari nimeinua mguu. Naandika hili kwa ukweli: mguu ulikuwa hewani. Ndipo nikamkumbuka Mwenye Daraja. Nikamwuliza yeye anapata faida gani mimi nikiingia.

Alinitazama, akautazama mguu wangu, kisha akasema taratibu kwamba upepo unaingia, wazee watakohoa. Akaachilia mlango.

Nimeshinda. Mtu mwingine yeyote angeingia. Nilirudi kwa miguu, kichwa juu, kupitia barabara ndefu ili ushindi udumu. Chumbani nilifungua tena mfuko, nikalikunjua godoro, nikasimama katikati na kujaribu kile kicheko. Mara ya kwanza kilitoka kama kikohozi. Kinahitaji mazoezi. Jirani aligonga ukuta akiuliza kama niko salama.

Nimeelewa sasa kosa lilikuwa wapi. Kosa ni kwamba chama kilikuwa na watu. Nimeanzisha kingine jioni hiihii, chenye masharti magumu zaidi, ambacho hakuna mvua wala mama yeyote mwenye rangi atakayekiharibu. Nimefanya kikao cha kwanza hapahapa. Naweka kumbukumbu:

Mahudhurio: wote. Uchaguzi: nilisimama bila kupingwa, nikachaguliwa. Mengineyo: mwanachama aliomba kikao kisifungwe mapema. Hoja ilijadiliwa kwa kirefu, ikakubaliwa kwa kauli moja.